Waliokuja Kunisemea Minneapolis

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Ilikuwaje huko?" Nikianza kujibu, simu yake inalia, au anakumbuka ameacha maharage jikoni. Nimechoka kusimulia vipandevipande. Basi hii hapa safari yote, aisome mwenye nafasi. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, maana hata kuyafanya kulinichosha, sembuse kuyasoma.

Kwa asiyejua, mimi nafanya kazi katika maabara ya maji hapa Morogoro. Napima maji ambayo watu wanakunywa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu nje ya nchi, na kwa miaka hiyohiyo nimekuwa nikikataliwa kwa adabu kubwa. Safari hii chuo kimoja cha Minneapolis kikaniambia nimo kati ya watu watatu ambao wanataka kuwaona ana kwa ana. Nafasi yenye ufadhili ilikuwa moja tu, na bila ufadhili mimi siendi kokote, mshahara wangu mnaujua. Tena nimeshapita miaka arobaini. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikikosa hii, siombi tena.

Morogoro hadi Dar es Salaam

Chuo kilitaka kunilaza hotelini. Wifi yangu Mkamburi, Mtaita wa Voi aliyeolewa na kaka yangu, aliposikia neno hoteli akaweka mwiko chini.

"Hoteli? Mtu ana ndugu zake mjini halafu akalale hotelini?"

Ndugu mwenyewe alikuwa Mama Wanjiru, Mkikuyu aliyesoma naye shule ya bweni, ambaye sasa anaishi Anoka, kaskazini ya Minneapolis. Hawajaonana tangu ujana wao, ila hupigiana simu kila Krismasi na kucheka mpaka salio linakwisha. Nilipofika Dar kupanda ndege, Mama Wanjiru alikuwa ameshanitumia jumbe za sauti za kutosha kujaza redio: ninakula nini, sili nini, nalala na mto mmoja au miwili, na je, nakoroma? Nikamjibu kwamba sikoromi. Mkamburi, aliyekuwa amenisindikiza, akaguna.

Katika begi kubwa niliweka korosho za wenyeji wangu na suti ya bluu niliyoshonewa na fundi wa Msamvu. Suti ile ilinikaa vizuri hata mimi mwenyewe nilijiheshimu nikiivaa.

Chicago, nilikokaa bila kupanga

Ndege ya kutoka Chicago kwenda Minneapolis ilifutwa kwa sababu ya theluji. Iliyofuata nayo ikafutwa. Watu waliokuwa wakitembea haraka sana walianza kukaa chini mmoja mmoja, wakavua viatu, na uwanja ukaanza kufanana na baraza la wodi, jamaa wakisubiri mgonjwa.

Njaa ikanishika. Nikaenda kununua supu. Mimi nikisikia supu nategemea mfupa, au walau pilipili. Nilipewa kitu kizito cheupe kilichomiminwa ndani ya mkate wa duara uliotobolewa katikati. Nikamwuliza kijana wa kaunta bakuli liko wapi. Akanionyesha mkate. Nikamwuliza tena, polepole, nikidhani hajanielewa. Akanionyesha mkate, naye polepole.

Nilikwenda kukaa na mkate wangu nikiutazama. Pembeni yangu alikuwapo bibi mmoja wa Kizungu akifuma sweta. Akaniambia kwa upole kwamba bakuli huliwa mwisho. Tukaanza kuongea. Alikuwa anarudi kwake kaskazini, mbali kuliko ninakokwenda mimi, na nilipomweleza habari ya usaili wa chuo akaacha kufuma.

"Basi ukifika huko jisifu," akasema. "Usione aibu. Waambie kila kitu ulichofanya, bila kupunguza."

Nikamwambia nitajitahidi. Nilikuwa najua kabisa kwamba sitaweza. Kwetu mtu akianza "mimi, mimi, mimi", watu wanatazamana na kutafuta njia ya kuondoka. Nimekuzwa hivyo na sikuona ni lini ningejifunza vingine, hasa nikiwa na supu mapajani.

Uwanja wa Minneapolis hadi Anoka

Nilifika kesho yake. Begi langu halikufika. Mhudumu akanihakikishia kwamba linajulikana lilipo, ila hakuweza kuniambia ni wapi.

Baba Wanjiru alikuwa ananisubiri mlangoni akiwa na koti kubwa mkononi. Ni mtu mpole, mhasibu, anayeongea kana kwamba hataki kumwamsha mtoto.

"Pole sana, Auntie. Vaa hii kwanza, ndio tuongee. Baridi ya huku haina huruma. Mimi huwa na-drive na blanketi hapo nyuma, just in case."

Nilivaa. Mikono ya koti ilinipita vidole. Tukaenda kaskazini, barabara nyeupe, mashamba meupe, mapaa meupe. Tulipopita kando ya ziwa lililoganda nikaona watu wamekaa juu ya barafu, kila mmoja kwenye kiti chake kidogo, ameinamisha kichwa mbele ya tundu.

"Wale wamefanya kosa gani?" nikauliza.

Baba Wanjiru alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Wanashika samaki, Auntie. Na hakuna mtu amewalazimisha."

Nilimwomba asimamishe gari. Nilishuka na koti langu la kuazima nikatembea hadi ukingoni, nikakanyaga. Miaka yote hii napima maji ya visima na mito, sikuwahi kusimama juu ya maji. Chini ya kiatu changu kulikuwa na ziwa zima, na nikatamani kujua kila kitu kinachoendelea mle chini wakati juu kumefungwa hivi. Mpaka hapo nilikuwa naitaka ile nafasi kwa sababu nimeiomba muda mrefu. Pale ukingoni nikaitaka kwa moyo wote, na hofu ikaniingia hapohapo.

Tuliporudi garini Baba Wanjiru akanipa somo. "Watu wa hapa usiwaogope. Wako tu kama sisi. Ukimkaribisha chai, mara ya kwanza anakataa. Mara ya pili anakataa. Ya tatu ndio anasema, haya, kama si usumbufu. Sasa ukimkaribisha mara moja pekee, anaenda nyumbani na kiu, na anakuona mchoyo."

Nikamwambia basi huku ni Morogoro yenye barafu.

Anoka ni mji wa zamani kando ya mto. Mama Wanjiru alikuwa amesimama barazani bila koti, mikono imenyooshwa. Ni mama mnene, mwenye sauti inayotangulia mwili wake. Hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na ukikumbatiwa naye unaelewa kwa nini wazee wale wanampenda.

"Haiya! Huyu ndiye Rehema? Mbona wamekuleta umekonda hivi? Ingia, ingia. Na begi?"

"Limepotea, mama."

"Ngai! Na nguo za interview?"

"Zimo humo."

Binti yake Wanjiru, wa sekondari, akachungulia nyuma yake. "Mom, she's freezing. Let her in first."

Basi nikaingizwa. Kulikuwa na ugali, sukuma na kuku wa kukaanga. Nilikula bila aibu, na hakuna aliyelazimika kunikaribisha mara tatu.

Jumapili, kanisani na mezani

Kanisani nilisimamishwa nisalimie, nikasalimia kwa sentensi mbili na kukaa. Baada ya ibada tulirudi Anoka kula, na safari hii tulikuwa na wageni: Papa Bahati na mkewe, Mama Bahati, wazee wa kanisa, wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo walioletwa Marekani baada ya miaka mingi kambini. Wanaishi Eagan, kusini kabisa ya jiji, na Papa Bahati hufunga mizigo katika ghala. Ni mzee mwembamba, anavaa kofia ya kitambaa, na haongei mpaka amalize kutafuna.

Mama Wanjiru akaniuliza hiyo kazi ya maji inahusu nini hasa. Mimi kwa kuogopa kuonekana ninajikweza, nikawasimulia kisa cha kuchekesha.

Kulikuwa na mtaa mmoja nje ya mji ambako watoto walikuwa wanaharisha, wakizidi kuwa wengi. Nilipima maji ya bomba la pale nikakuta machafu kabisa. Nikafuata bomba kwa miguu tangu kwenye tangi, nikakuta mahali limepasuka jirani na vyoo vya shimo. Nikafunga koki. Diwani akaniamuru nifungue, maana uchaguzi ulikuwa karibu na kinamama walikuwa wanalalamika. Nikakataa. Nikaenda kukaa juu ya zege la koki yenyewe ili asiifungue mtu. Kinamama wakaja na ndoo zao wakanitukana matusi ambayo mengine sikuwa nayajua, na mmoja akanimwagia maji machafu, yaleyale niliyokuwa nayakataza. Nikaendelea kukaa hivyohivyo nimelowa mpaka mafundi walipokuja.

Meza nzima ilikufa kwa kicheko, hasa pale pa kumwagiwa maji. Baba Wanjiru alifuta machozi. Papa Bahati peke yake hakucheka. Alimaliza kutafuna, akaniuliza:

"Na batoto? Balipona?"

"Walipona, Papa. Karibu wote."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye sahani yake.

Kisha Mama Bahati akauliza, "Na kesho unaenda na nani ku université?"

"Peke yangu," nikasema. "Baba Wanjiru ataniacha mlangoni, atanifuata jioni."

Mama Wanjiru akamtazama Mama Bahati, Mama Bahati akamtazama mumewe. Nikadhani wanawaza habari za barabara na theluji, nikawaambia wasijisumbue, mimi ni mtu mzima. Wakasema sawa. Wakasema haraka mno, lakini sikutilia maanani.

Jumatatu, chuoni

Nilikwenda kwenye usaili na gauni la kanisani la Mama Wanjiru, limebanwa kwa pini nyuma kila mahali, na buti za Wanjiru mdogo. Sikuweza kuegemea kiti, maana kila nilipoegemea pini moja ilinikumbusha.

Wenzangu wawili walikuwa kwenye korido. Prakash, kijana wa Nepal, alikuwa amevaa suti na ana wasiwasi kuliko mimi. Emily, msichana wa jimbo la jirani, alikuwa na tabasamu zuri na majibu tayari. Tulitembezwa maabara, tukaonyeshwa mashine ambazo nilizijua kwa picha tu. Kwenye mashine moja nilisahau kabisa kama nipo kwenye usaili, nikamwuliza fundi maswali mpaka wakaja kuniita.

Mchana nikaingia kwa Profesa Karen, ambaye ndiye angenisimamia kama ningepata nafasi. Mama mrefu, nywele nyeupe fupi, hana maneno mengi. Alikuwa amesoma habari ya bomba katika maelezo niliyotuma.

"Nieleze kuhusu lile bomba. Ulifanya nini?"

"Tulichukua sampuli," nikasema. "Ofisi yetu ina utaratibu mzuri."

"Naam. Na wewe mwenyewe?"

"Timu ilifuatilia bomba ikagundua tatizo."

"Wewe ulikuwa na kazi gani katika timu?"

"Nilisaidia."

Akaweka kalamu mezani. Nilimwona akiiweka, na nikajua. Timu yenyewe ilikuwa mimi, na dereva aliyebaki kwenye gari akisikiliza mpira. Nilikuwa naona nafasi yangu inatoka mlangoni polepole, na bado mdomo ulikataa kusema neno "mimi". Nilikuwa na hasira juu yangu mwenyewe, nikatamani kulia, na pini zikanichoma kwa sababu nilikuwa nimejikunyata. Profesa akauliza mambo mengine, nikajibu mengine vizuri, lakini moto ulikuwa umeshazimika. Akasimama, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali, akanifungulia mlango.

Koridoni

Nje ya mlango ule walikuwa wamesimama watu wanne.

Baba Wanjiru alikuwa na suti yake ya kanisani. Mama Wanjiru alikuwa amefunga kitenge juu ya koti la baridi. Mama Bahati alikuwa amekumbatia hotpoti kubwa kuliko kifua chake. Mbele yao Papa Bahati, kofia mkononi, amenyooka wima. Katibu wa idara alikuwa nyuma yao, amechanganyikiwa. Prakash na Emily walikuwa wameacha kuongea.

Nilielewa mara moja, na ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Hawa walikuwa wamekuja kunisindikiza, kama anavyosindikizwa binti anayekwenda kwenye nyumba ya watu, aonekane ana wenyewe. Waliomba ruhusa kazini, wengine wakavuka jiji zima. Nilitamani sakafu ifunguke.

Profesa Karen akawatazama, akanitazama. "Hawa ni ndugu zako?"

Mama Wanjiru nilikuwa nimemjua tangu Jumamosi. Papa Bahati tangu jana saa ya chakula.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ndugu zangu."

Mama Wanjiru akatangulia kwa Kiingereza, akamsalimu Profesa kwa mikono miwili, akaeleza kwamba hawakuja kusumbua, wamekuja kusema neno dogo tu, na kwamba mkubwa wao ndiye atakayelisema. Papa Bahati akasogea mbele. Hana Kiingereza kingi, akasema kwa Kiswahili chake.

"Madame Professeur, bonjour. Miye njo Papa Bahati. Kwetu, mutoto haendake ku nyumba ya bantu peke yake, sawa vile hana bantu. Huyu eko na bantu. Njo sisi."

Profesa akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikamtazama Mama Wanjiru aniokoe, maana Kiingereza chake ni bora kuliko changu. Akakunja mikono. "Tafsiri wewe. Si ni wewe anaongelea?"

Nikatafsiri. Papa Bahati akaendelea.

"Huyu mwanamuke alifunga mayi ya muchafu. Yeye peke yake. Chef wa kule alimukatalia, bamama balimutukana, balimumwangia mayi, na hakutoka. Batoto balipona juu yake."

"Anasema," nikaanza, na uso unawaka, "anasema kwamba, kwa kifupi, nimewahi kushiriki katika kazi ya maji."

"That's not what he said!" Mama Wanjiru akapaza sauti, korido nzima ikasikia. Kisha kwangu: "Rehema, wacha hiyo! Mzee hajasema kushiriki. Sema vile amesema, yote!"

Emily akaziba mdomo asicheke. Sikuwa na pa kukimbilia. Kubadilisha maneno ya mzee mbele ya watu ni utovu wa adabu, na adabu ndiyo iliyokuwa imenifikisha pabaya siku nzima. Basi nikaanza upya. Nikasema kwa Kiingereza, kwa kinywa changu, kwamba huyu mwanamke alifunga maji machafu, yeye peke yake, kwamba mkubwa wa mahali pale alimkataza, kwamba kinamama walimtukana na kummwagia maji na hakutoka, na kwamba watoto walipona kwa sababu yake. Niliyasema neno kwa neno, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Nikadhani amemaliza. Papa Bahati alikuwa anaigeuza kofia yake mikononi.

"Miye nilizika mutoto mu camp," akasema. "Mutoto mwanamuke. Alikuwaka na miaka ine. Njo mayi ilimuua. Bantu bote balijua ile robinet ya mayi eko mubaya. Hakuna mutu alikaa mbele yake vile huyu alikaa. Donc, mumupatie masomo. C'est tout."

Mama Bahati alikuwa ametazama hotpoti. Nikajaribu kutafsiri, nikashindwa, nikajaribu tena. Nilipofika kwenye miaka minne nililia, sioni haya kuwaambia. Jana yake nilikuwa nimewachekesha kwa kisa kilekile, na mzee huyu alikuwa amekaa pale akimfikiria binti yake.

Profesa Karen akamshika Papa Bahati mkono, akaushikilia.

Mama Wanjiru, ambaye hawezi kuacha huzuni ikae bila chakula, akafunua hotpoti. Chapati na maharage ya nazi. Profesa akasema asante, hapana, haruhusiwi kupokea zawadi wakati wa kuchagua wanafunzi. Mama Wanjiru akamkaribisha tena. Akakataa tena. Ya tatu, katibu akaingilia kati kwamba zikiwekwa kwenye chumba cha chai zitakuwa za idara nzima, si za mtu. Profesa akasema, haya, kama ni hivyo. Baba Wanjiru akanikonyeza.

Chumba cha chai kilijaa. Watu walitoka kwenye vyumba ambavyo sikujua kama vina watu. Mama Bahati aligawa chapati na maharage ya nazi kwa mkono wake, akampa Prakash mbili kwa sababu alimwona amekonda. Prakash alizimaliza zote mbili, kisha akaniambia kwamba mama yake naye angekuja vilevile, kama angepata viza, na asingeondoka mpaka Profesa ameahidi. Nilimpenda yule kijana, na iliniuma kwamba nafasi ni moja.

Profesa akaniita ofisini tena. Hakukaa.

"Ni lazima nikuambie ukweli. Walichosema hawa watu hakiwezi kuhesabiwa. Kuna kamati, na kamati itapima ulichokisema wewe."

"Naelewa."

"Basi nakuuliza upya. Lile bomba. Nani alilifunga?"

Nilikuwa nimeshayasema maneno yote kwenye korido, hata kama ni ya mtu mwingine. Kinywa kilikuwa kimeshazoea njia.

"Nililifunga mimi," nikasema. "Peke yangu. Dereva alikuwa kwenye gari."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile, akachukua kalamu, akavuta kiti. "Sasa nieleze kuanzia mwanzo."

Nikamweleza. Nilisema "mimi" mara nyingi kuliko nilivyowahi kusema maishani, na nilipotoka nilihisi nahitaji kuoga.

Anoka hadi uwanja wa ndege

Mama Wanjiru mwenyewe alinipeleka kupanda ndege. Njiani nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba watakuja.

"Tungekuambia, ungekubali?"

"Hapana."

"Ehe," akasema, akaongeza mwendo.

Aliniambia pia kwamba Papa Bahati hajawahi kumtaja binti yule mbele ya watu wasio wa nyumbani kwake. Begi langu nilikabidhiwa uwanjani siku hiyohiyo ya kuondoka, limefika salama, na suti imenyooka. Korosho nilimwachia Mama Wanjiru palepale kwenye mizani.

Morogoro

Nilingoja wiki kadhaa, na mnaonijua mnakumbuka nilivyokuwa, sishiki chai wala mazungumzo. Jibu lilikuja nikiwa maabara. Nimepata nafasi, pamoja na ufadhili. Prakash naye aliniandikia baadaye kwamba amechukuliwa na chuo kingine, na nilifurahi kwa dhati.

Nilipompigia Mama Wanjiru nilisogeza simu mbali na sikio, nikijiandaa kwa vigelegele. Havikuja. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama Wanjiru? Umenisikia? Nimepata!"

"Nimekusikia," akasema. Alikuwa analia. "Rehema, sijawahi kuambia mtu. Hata Baba Wanjiru hajui ilikuwa aje. Nilipokuja huku, niliitwa interview. Masters ya ukunga. Wakaniuliza nimefanya nini Kenya. Mimi nilikuwa nimezalisha wamama usiku na mchana kwa ile dispensary, wengine tochi nimeshika na meno. Unajua nilisema nini? Nilisema, nilikuwa nasaidia tu."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Nilienda peke yangu," akasema. "Nikarudi na basi, nikavaa uniform, nikaenda kazi. Mpaka leo."

"Kwa nini hukuomba tena?"

"Mimi? Na haya magoti? Halafu nani ataenda kunisemea?"

"Mwezi wa nane nitakuwa huko," nikamwambia.

"Wee, wacha mchezo."

"Sichezi, mama. Hata Papa Bahati atakuja, unamjua."

Nikamsikia anapenga kamasi, kisha mlango ukifungwa, kama mtu anayehamia chumba ambacho hatasikika. Aliporudi alinong'ona, yeye ambaye sauti yake hutangulia mwili. Aliniuliza maombi yanaanza kupokelewa lini.